Tatizo ni Masafa

Sokoni Mwaloni Kirumba asubuhi huwa hapana adabu. Magunia ya dagaa yanashushwa juu ya miguu ya watu, wachukuzi wanapita mbio wakipiga miluzi ili wapishwe, na harufu ya samaki imekaa juu ya kila kitu kama mgeni asiyejua kuaga. Katikati ya purukushani hiyo alipita mwanamume mrefu, mweusi, amebeba begani dude mfano wa mbavu za ng'ombe, ila mbavu zenyewe za bati na shaba. Alikuwa anatembea huku anaangalia juu. Anayetembea Mwaloni akiangalia juu ama ni mgeni ama ni msomi, na huyu alikuwa vyote viwili.

Lile dude likanasa kwenye nyaya za kibanda cha Wilhelmina.

Kibanda kilikuwa cha kuchaji simu. Simu za wavuvi, za wachuuzi, za madereva wa malori, zote zilipangwa juu ya ubao kila moja na waya wake, na nyaya zilipanda ukutani zimesokotana kama nywele zisizojua kitana. Wilhelmina peke yake ndiye aliyejua upi unakwenda wapi. Yule mrefu alipopiga hatua nyingine, ubao mzima ukamfuata. Simu zikamwagika kwenye beseni la dagaa la Kija, jirani yake.

Wilhelmina hakupiga kelele. Aliinuka taratibu, mwili wake mnene umejaa vizuri ndani ya gauni la kitenge cha njano, akashika kiuno, akamtazama mtu yule kuanzia viatu. Ndivyo alivyowatazama wanaume wote, kuanzia viatu, na wengi hakufika nao magotini. Kisha akasonya.

Msonyo wa Wilhelmina ulijulikana Mwaloni nzima, na ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza mrefu, unaanzia kwenye magego na kutoka polepole kama upepo wa tairi. Aliyeupata huo alijua shauri lake limekwisha. Nkwabi mwenye Fuso aliupata alipokuja kutangaza nia na manukato yake ya kununua njiani. Karani mmoja wa Nyamagana aliupata akiwa bado hajamaliza salamu. Wa pili ulikuwa mfupi, wa ncha ya meno tu, nts, na huo ulisikika mara chache sana. Kija aliusikia siku paka wa sokoni alipokuja kumlalia Wilhelmina miguuni. Paka yule mpaka leo analala pale.

Siku hiyo yule mrefu alipata ule wa magego.

"Samahani, mama," alisema.

"Nimekuzaa?"

"Samahani, dada."

"Tumenyonya ziwa moja?"

"Basi nikuite nani?"

"Usiniite. Okota simu."

Akapiga magoti, akaziokota, akawa anazifuta dagaa kwa shati lake mwenyewe. Huku anafuta anaongea, maana alikuwa mtu wa kuongea. Akajitaja: anaitwa Ogweno, mhandisi, anafundisha chuo cha ufundi mjini, kwao Rorya. Dude lile ni antena. Anafanya utafiti wa kupeleka umeme bila waya, na akifanikiwa, hizi nyaya zote zitakuwa takataka. Mtu ataiweka simu mezani tu, au mvuvi ataiweka taa yake ya dagaa, itajaa yenyewe.

"Umeme unapita wapi?" Wilhelmina akauliza.

"Hewani."

"Hewani," Wilhelmina akamrudishia Kija neno lile, kama mtu aliyeonja maziwa akakuta yameharibika. Halafu akamuuliza Ogweno kama hewa ya chuoni ni tofauti na hii ya Mwaloni, maana hii anaivuta tangu mtoto na haijawahi kumwasha.

Kuanzia hapo jina lake likawa Bwana Hewa.

Kesho yake Bwana Hewa akarudi, simu imezima. Wilhelmina aliipokea kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya mkia, akatangaza kwa majirani kuwa mhandisi wa umeme wa hewani amekuja kuchaji kwa waya. Watu wakacheka. Ogweno naye akacheka, na hilo ndilo lililomshangaza Wilhelmina, kwa sababu wanaume aliowazoea wakidharauliwa hununa. Huyu ukimdharau alikuwa kama umemkaribisha kiti. Akakaa mpaka simu ikajaa. Kesho kutwa akaja nayo tena, na safari hii, Wilhelmina alipoichungulia, akaona haikuwa imepungua hata kidogo.

"Hii imejaa," alisema.

"Najua."

"Sasa umeleta nini?"

"Nimejileta mimi."

Nts, akafanya Wilhelmina. Kija akageuka kwa kasi kama mtu aliyesikia bati limepasuka.

Basi ndivyo walivyopendana, kama dharau inaweza kuitwa mapenzi. Ogweno alimweleza habari za utafiti wake, naye akamsikiliza kwa uvumilivu aliokuwa nao hata kwa walevi. Taa za wavuvi, alisema, zinakufa kwa sababu ya tundu la kuchajia: maji yanaingia, kutu inakula, mvuvi anachuna waya kwa meno, mwisho taa inatupwa. Yeye anataka taa isiyo na tundu hata moja, imefungwa kama yai. Mwanzoni alitaka kutumia antena awashe taa kutoka ufukweni mpaka mitumbwini. Ikashindikana, mawimbi yalitawanyika yote. Akashuka hadi chumba kimoja. Ikashindikana. Sasa yuko kwenye pete mbili za nyaya zilizokaribiana.

"Ulianza na ziwa zima," Wilhelmina akamwambia, "umefika kwenye upana wa kiganja. Ukiendelea hivi utanivumbulia waya."

Jumapili moja Ogweno alimpeleka Busisi, wakavuka daraja jipya, Wilhelmina amevaa sketi ya buluu na kilemba cha rangi hiyo hiyo, amependeza mpaka makondakta wakanyamaza. Wanaume wengine huwapeleka wapenzi wao pale wapige picha na maji. Ogweno alimsimamisha chini ya nguzo akamweleza habari za taa za barabarani. Wilhelmina akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia sato wanapoa, na walipokula alimchambulia miba bila kumwambia kuwa anamchambulia.

Kesho yake jioni simu ililia mapema, kabla jua halijazama.

"Chaji yangu."

"Bwana Hewa."

"Umekula?"

"Nimekula hewa. Ile uliyoniletea Busisi bado imenijaa."

"Mimi nikikaa siku nzima sijakusikia nabaki na asilimia moja."

"Nenda kachomeke pengine."

"Sina waya wa pengine."

Nts.

"Hiyo nimeipokea," alisema Ogweno, na sauti yake ikawa ya mtu anayetabasamu gizani. "Imefika safi kabisa."

Lakini zile pete hakumwonyesha. Alisema atamwonyesha siku zitakapowaka vizuri, si kabla. Wilhelmina alijibu kuwa hana haraka ya kuonyeshwa hewa, na hakuuliza tena. Ndiyo maana hakujua vile vitu vinaitwaje huko chuoni, na kutojua huko ndiko kulikokuja kumchoma.

Ogweno aliomba kwenda kujitambulisha Kisesa, kwa mzee Machibya, baba yake Wilhelmina. Siku ikapangwa, Jumamosi. Utaratibu wa huko unajulikana: wageni wanaketi, wanaulizwa kilichowaleta, kisha binti anaitwa mbele ya wazee wote na kuulizwa, hawa watu unawafahamu? Akisema anawafahamu, mazungumzo yanaendelea. Akisema hawafahamu, wageni wanachukua kofia zao, na hakuna wa kumuuliza sababu. Wilhelmina aliingojea siku hiyo kwa namna yake, yaani alijifanya haioni. Ila alishona gauni. Na Mwaloni walijua. Wote aliokuwa amewasonya walijua, wakawa wanaihesabu Jumamosi ile kama watu wanaongoja mechi, maana mtu anayewatazama wenzake kuanzia viatu, wenzake humwombea ajikwae.

Alhamisi, Kija yuko pembeni anaanika dagaa, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Wilhelmina kutoka kwa Ogweno. Akaufungua huku ameanza kutabasamu.

"Alex, lile jike limenichosha. Ni nene mno. Nikilisogeza karibu linavuruga kila kitu, nikiliweka mbali halipokei. Tatizo ni masafa, yangu na yake hayalingani kabisa. Mambo ya Jumamosi tuyaahirishe. Nitatafuta jingine, jembamba."

Aliusoma. Akausoma tena kuanzia chini. Alexander alimjua kwa jina, ni mwenzake Ogweno huko chuoni, wanafanya naye utafiti. Ujumbe ulikuwa wa kwenda kwa Alexander, umepotea njia, na kwa kupotea kwake umefika kwa mwenyewe.

Jike. Kuku ana jike. Punda ana jike. Mwanamke ukimwita jike umeshamfunga zizini na kamba. Na hakuishia hapo. Limenichosha, linavuruga, halipokei, yule msomi wa watu alimburuta na "li" zake tangu mwanzo wa ujumbe mpaka mwisho, hata mahali pamoja hakumpa ile "a" ya mtu. Nene mno. Wilhelmina akajitazama mikono, akaona mikono ile ile iliyomchambulia sato. Na masafa je? Hilo alilielewa haraka kuliko yote. Masafa ni umbali, watu wanakimbia mbio za masafa marefu. Kati ya darasa la saba la Kisesa na shahada ya pili ya Bwana Hewa, kumbe alikuwa anapima wakati wote ule. Alivyokuwa amekaa kwenye kile kiti anacheka akidharauliwa, kumbe kicheko chenyewe kilikuwa dharau.

"Kulikoni?" Kija akauliza.

"Nimemkataa Ogweno."

"Saa hizi?"

"Saa hizi."

Kija akasema pole, kwa sauti ya mtu anayeonja mchuzi akakuta umekolea. Kabla jua halijageuka, Mwaloni nzima ilikuwa na habari, na Nkwabi wa Fuso alipita mbele ya kibanda anapiga honi bila sababu.

Wilhelmina hakumjibu Ogweno, hakumpigia, hakumtukana. Kumtukana mtu ni kumwambia bado una haja naye. Alitoa laini kwenye simu akaitia kwenye kopo la misumari, akachomoa nyaya moja moja, akazirudisha simu za watu, akafunga kibanda. Ijumaa alishuka Kisesa.

Akamwambia baba yake hao wageni wasikanyage. Mzee Machibya alikuwa anatia makali panga kwenye jiwe, hata hakusimama. Alisema mbuzi ameshafungwa, ndugu wameshaitwa, na yeye hana tabia ya kuwarudisha watu njiani kwa simu kama mtu anayeahirisha kununua mkaa. Waje, waketi, wanywe. "Swali utaulizwa," alisema. "Na jibu ni lako. Ukiwa na la kusema, lisemee hapo, wakiwepo wenyewe."

"Hawatakuja," alisema Wilhelmina. "Wameahirisha."

"Basi tutakula mbuzi wetu."

Jumamosi wakaja.

Walishuka barabarani jua likiwa limeshapita utosini, Ogweno na baba yake mdogo Ogada. Wilhelmina aliwaona kutoka jikoni, kupitia tundu la ukuta, na moyo wake ukaruka, akauchukia kwa kuruka. Ogweno alivaa suti ya kijivu iliyoshonewa mtu mwenye mabega mengine, na viatu vya kuazima, maana alikuwa anavibana kwa vidole visimtoke. Alibeba begi kubwa. Ogada alibeba kofia na tumbo. Ogweno aliingia uani akamwamkia kila mzee, akajitia na salamu ya Kisukuma, "mwangaluka", ambayo ni ya asubuhi. Baba mkubwa Shigela, ndugu mkubwa wa mzee Machibya, akaangalia jua, akamwangalia Ogweno, akauliza kama kwao ndio kwanza kunapambazuka.

Ogada akasimama akahutubia. Alihutubia kuhusu ukoo wao, kuhusu shule walizosoma, kuhusu kijana wao ambaye ameufunga umeme kwenye hewa kama Mungu alivyofunga mvua. Jikoni shangazi mmoja akanong'ona kuwa wageni wamekuja kuoa au kugombea udiwani. Wilhelmina hakucheka. Alikuwa anajipanga. Swali litakuja, naye atasema hawafahamu, kwa sauti ya kawaida, kisha ataingia ndani alikunje lile gauni jipya afungie nalo vyombo.

Akaitwa. Akatoka na kanga za kawaida, lile gauni jipya liko ndani. Ogweno akainua uso, na uso ule ulikuwa umechoka, una furaha na hofu, na Wilhelmina akaona ni ufundi mkubwa kwa mtu kuweza kupanga uso wa namna hiyo.

"Binti," alianza Shigela, "hawa watu unawafahamu?"

Wilhelmina alikuwa na jibu mdomoni. Halikutoka. Sio kwa huruma. Aliona tu kuwa akisema siwafahamu peke yake, Bwana Hewa ataondoka na kofia ya baba yake mdogo akiwa msafi, na hilo lilimkera. Akatoa simu kifuani, akampa.

"Wasomee wazee kwanza," alisema. "Kwa sauti. Wewe si ndiye msomi?"

Ogweno akatazama kioo. Alisoma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele, na alipofika kwenye "jike" sauti ikaanguka, akafika "nene mno" mzee Machibya akaacha kutafuna, na kwenye "jingine, jembamba" mashangazi walikuwa wameshatoka jikoni wote, mmoja ameshika mwiko. Ogada alikuwa ameshaishika kofia yake. Mbuzi mwingine, aliyesalimika, akasikika anatafuna peke yake.

"Huo ujumbe wangu," alisema Ogweno.

"Tumeshajua ni wako," alisema Shigela.

"Naomba nifungue begi."

Shigela alisema kama kuna jembamba humo ndani alitoe tu walione.

Ogweno akafungua. Akatoa betri ya pikipiki, akatoa kisanduku kidogo, akatoa pete mbili za waya wa shaba, kila moja pana kama sinia dogo. Moja ilikuwa nene, imesukwa vibaya, katikati yake kuna kitaa kidogo kama punje ya mtama. Aliinua ile nyembamba kidogo iliyofungwa kwenye kisanduku. "Kwenye ufundi," alisema, "kinachotoa tunakiita dume. Kinachopokea, jike. Hata plagi fundi yeyote anaiita dume, na soketi jike. Hili ndilo dume, nimelisuka mimi. Na hili." Akainua ile nene. "Hili ndilo jike. Amelisuka Alexander. Limenichosha."

Mzee Machibya akasema liwake basi walione.

Likawashwa, lakini juani pale hakikuonekana kitu, na wazee wakaanza kutazamana kwa ile namna ya watu wanaotapeliwa. Ogweno akaomba mahali penye giza. Ndipo wazee wa heshima, na Ogada na tumbo lake, na mashangazi na mwiko wao, wakaingia wote kwenye ghala la mpunga, wakabanana katikati ya magunia, mlango ukafungwa, watu wazima na mvi zao wakikodolea macho punje ya mtama.

Ikawaka. Nyekundu, hafifu, ya kusikitisha. Hakuna waya uliokwenda kwake.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza Shigela gizani. "Miaka yote ya shule?"

"Ndiyo hiyo tu," alisema Ogweno. Kisha akasema kwa sauti ya chini, upande aliokuwa Wilhelmina, "Shika wewe."

Akampa jike. Wilhelmina alilipokea kwa vidole viwili, kama alivyoipokea simu yake siku ile. Akalirudisha nyuma; taa ikafa. Akalisogeza, taa ikafufuka, ikakolea, ikawa nyekundu ya kweli, mpaka akaona pua ya Ogweno na kidevu chake. Akaendelea kulisogeza, akidhani ukikaribia zaidi itawaka zaidi. Ikafifia. Akaligusisha kabisa na dume. Ikabaki kidogo tu, kama jicho la mtu mwenye homa.

Nikilisogeza karibu linavuruga. Nikiliweka mbali halipokei. Alikuwa ameyashika maneno yale mkononi, neno kwa neno, na yalikuwa ya shaba.

"Na masafa?" akauliza. Ilikuwa sauti ya dharau bado, lakini haikuwa na pa kusimama.

"Sio umbali. Ni mwendo wa kutetemeka. Umeshaona wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja? Wakilingana mwendo, kazi inakwenda. Mmoja akiharakisha, michi inagongana. Hizi pete nazo zinatwanga. Zisipolingana, hata uziweke wapi, kinachopokelewa ni hicho kidogo ulichokiona."

"Kama ya redio."

"Ni hayo hayo ya redio."

Kila siku redio ya Kija ilitaja masafa yake kabla ya taarifa ya habari, kila siku, na Wilhelmina hakukumbuka kuazima maana hiyo hata mara moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye umbali, kwa sababu umbali ndio aliokuwa anauogopa.

"Na Jumamosi?" aliuliza, polepole zaidi.

"Tulipanga Jumamosi kuipima majini, na wavuvi. Nikaahirisha nije huku. Nilikupigia tangu Alhamisi. Baba mdogo akasema mabinti wakikaribia siku hiyo hunyang'anywa simu. Nikamwamini. Ni mtu wa kuamini kila kitu, tumerithi."

"Nimesikia," alisema Ogada kutoka kwenye magunia.

"Mtu mzima," Shigela akakatiza, "una shahada, una suti, unakaa na mwenzako mnaandikiana habari za jike nene. Hamna majina mengine huko chuoni?"

Ogweno alisema hawana. Shigela akasema basi chuo hicho kijengwe upya.

Wakatoka nje, wakijikung'uta makapi. Viti vikakaliwa, kofia zikarudi magotini. Mzee Machibya alikohoa akasema swali liliulizwa na bado halijajibiwa, na mbuzi anapoa. Akaliuliza mwenyewe safari hii. "Wilhelmina. Huyu mtu unamfahamu?"

Wilhelmina akamtazama Ogweno, kuanzia viatu. Viatu vya kuazima, vumbi la Kisesa juu yake, kidole gumba kimeng'ang'ania ndani. Akapanda kwenye suruali iliyoachwa na mtu mwingine. Akapita magotini. Hakuwa na haraka. Wazee walingoja, mashangazi walingoja, na Ogweno alisimama pale akitazamwa kama gunia kwenye mizani, wala hakujificha popote. Akafika usoni, akakaa hapo.

Nts.

Ogada, ambaye hakuujua msonyo wowote ila kwa ubaya wake, akainuka na kofia yake.

"Keti, baba mdogo," alisema Ogweno, na uso mzima ulikuwa umemfunguka. "Nimeipokea hiyo."

"Namfahamu," alisema Wilhelmina kwa baba yake. "Ni Bwana Hewa." Kisha akaingia ndani kuvaa gauni, na pale mlangoni akageuka kumwambia Ogweno kuwa lile neno likisikika nyumbani kwake hata mara moja, hata kwa soketi, atalala chuoni na madume yake.

Jumatatu alifungua kibanda. Nyaya akazirudisha moja moja, simu zikapangwa, paka akaja akalala miguuni. Nkwabi alipita na Fuso, akapunguza mwendo, akakutana na macho yale, akakanyaga mafuta.

Kija alisogeza beseni lake karibu, akakaa kwa starehe ya mtu aliyekuja kufariji. Akasema amesikia wageni walifika Kisesa vilevile, na pengine ni uongo wa watu. Sasa yule mwanamume si alishakataliwa? Kwani tatizo lilikuwa nini hasa?

"Masafa," alisema Wilhelmina.

Kija akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Nilijua tu," alisema. "Rorya ni mbali."

Wilhelmina akamtazama. Akaanzia kwenye magego, akautoa wote mpaka mwisho, taratibu.